Kutoka Vuga hadi Pangani: Njia ya Usambara na Miji Iliyoizaa

Safari ya kupita milimani, misituni na pwani ambayo msafiri wa leo huweza kuikamilisha kwa siku chache, akishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, akaendelea Korogwe na Muheza, akapanda Amani kisha akateremka hadi mlango wa mto Pangani, hufuata njia ambayo haikuchaguliwa kwa uzuri wa mandhari yake. Njia hiyo ilipatikana kwa hesabu za maji, chakula, ushuru, mbao na bandari, na atakayeipita bila kuzijua hesabu hizo ataona milima na bahari, lakini hataelewa kwa nini mji fulani umekaa pale ulipo na mwingine umebaki magofu.

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuelekea kusini-magharibi hadi Udzungwa. Bonde la mto Lwengera huigawa sehemu mbili, Usambara Magharibi, ambayo kuta zake huinuka ghafla kutoka nyikani, na Usambara Mashariki, iliyo karibu zaidi na Bahari ya Hindi na inayopata mvua nyingi zinazoletwa na pepo za bahari. Wasambaa wenyewe waliigawa nchi kwa namna nyingine iliyo na maana zaidi kwa maisha yao: kulikuwa na Shambaai, nchi ya juu yenye ubaridi na migomba, na kulikuwa na nyika, nchi ya chini yenye joto, wanyama na maradhi. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mkulima aliweza kulima juu na chini, ili mavuno yakikosekana upande mmoja apate riziki upande wa pili.

Katika nchi hiyo ndipo ulipoinuka ufalme wa ukoo wa Wakilindi, ambao masimulizi yake yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, naye anaeleza jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alivyopata utawala kwa kuwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 1862, nguvu ya Vuga, mji mkuu uliokuwa juu ya mlima, ilifika hadi pwani. Kwa hiyo kupanga safari ya Usambara wakati huo kulianza kwa kutafuta idhini ya mfalme. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyefika kwake mwaka 1848 alisafiri kwa miguu kutoka upande wa Mombasa, akarudi kwa kuteremkia Pangani. Richard Burton na John Hanning Speke walipopanda kutokea Pangani mwezi Februari 1857 walimkuta Kimweri akiwa mzee mgonjwa, mwenye matumaini kwamba wageni hao wangempatia dawa.

Lakini njia iliyoibadili Usambara haikuwa ile iliyopanda Vuga. Misafara ya biashara iliyotoka Pangani kwenda Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu ilifuata bonde la mto na kupita chini ya mlima, kwa kuwa wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walihitaji maji ya uhakika na ardhi isiyowachosha kwa kupanda. Mizigo ilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya vilikuwa ndiyo fedha ya njiani, na sehemu yake ilitolewa kwa watawala kama hongo, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita. Semboja, mwana wa Kimweri, alilielewa jambo hili mapema kuliko ndugu zake, akaweka makao Mazinde, chini kabisa ya mlima, ambako misafara ilipita na bunduki zilipatikana. Baada ya kifo cha baba yake, Mazinde iliishinda Vuga, na ufalme uliojengwa juu ya mgawanyo wa chakula ukasambaratishwa na biashara ya nyikani, pamoja na utekaji wa watu waliouzwa utumwani. Huu ndio msiba mkubwa katika historia ya njia hii.

Biashara hiyo ilifuatwa na utawala wa Wajerumani. Reli yao, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na kuanzia Korogwe ilishika bonde lilelile la misafara. Kutoka Mombo ilichongwa barabara ya kilomita zipatazo 33 kwenda Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kona za barabara hiyo juu ya genge ndizo zinazomvutia msafiri wa sasa, ingawa wilaya ya Wilhelmstal pia ndiko ulikowekwa, mwaka 1907, utaratibu wa kadi uliomlazimisha mwanamume kufanya kazi ya mshahara kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne.

Misitu nayo iliingizwa katika hesabu. Magogo ya miti ya mitarakwa ya Shume yalishushwa hadi Mkumbara yakiwa yamening'inizwa kwenye kamba za chuma, na mwaka 1910 reli nyembamba ilifunguliwa kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya mbao. Juu ya Sigi ipo Amani, palipoanzishwa mwaka 1902 kituo cha utafiti wa kilimo na mimea. Msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na mto Zigi unaotoka humo huwapa maji wakazi wa Tanga.

Aliyepoteza ni Pangani. Mlango wa mto wake una fungu la mchanga linalozuia vyombo vikubwa, ilhali ghuba ya Tanga ina kina, na reli ilipochagua Tanga, pembe, mkonge na abiria viliifuata, licha ya kuwa miche ya kwanza ya mkonge iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani yenyewe. Mji ambamo Bushiri bin Salim alinyongwa mwezi Desemba 1889 kwa kuupinga utawala wa Wajerumani umebaki na boma lake, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na kivuko kinachowavusha watu kwenda Bweni, juu ya maji ambayo sehemu yake imetiririka kutoka milima ileile ya Kimweri.