Saa za Dereva na Mapumziko Yake

Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka 10 mwanachama atasoma habari za maghala, mizani na hesabu za fedha. Twaona si vema dereva asahauliwe, maana kahawa yetu haijifikishi kinuni, wala mbolea haipandi yenyewe kutoka Mombasa. Tena sheria za kazi yake zina historia ndefu kuliko ya Chama Kikuu chetu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malori mengi ya jeshi yaliuzwa huko Uingereza. Watu wenye lori moja au mawili wakaingia katika uchukuzi, wakashindana kwa kupunguza nauli, na upungufu huo ukalipwa kwa usingizi wa dereva. Sheria ya mwaka 1930 ilikataza kuendesha zaidi ya saa tano na nusu mfululizo, au zaidi ya saa 11 katika muda wa saa 24, tena ikaagiza mapumziko ya saa 10 yasiyokatizwa. Iangaliwe kwamba sheria ile ilitaja usalama wa watu wapitao njiani, wala si starehe ya dereva. Mwaka 1933 iliamriwa saa hizo ziandikwe daftarini. Lakini mkono uandikao daftari ndio huo huo ungojao mshahara, na kila aliyepata kutunza daftari ajua maana yake.

Marekani iliweka mpaka wake wa saa 10 mwaka 1938. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi la Kimataifa lilitunga mkataba wa saa za madereva, nao ulikubaliwa na nchi chache mno. Mwingine ulitungwa mwaka 1979. Ulaya ilichoka na madaftari. Mwaka 1970 iliamua malori yafungwe chombo kinachoandika chenyewe mwendo na saa. Madereva wa Uingereza walikiita jasusi, na serikali yao haikulazimisha kitumiwe mpaka Mahakama ya Ulaya ilipotoa hukumu dhidi yake mwaka 1979.

Kwetu Kenya, Sheria ya Barabara humzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika saa 24. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Lori lenye shehena huzimaliza saa hizo karibu zote, hata kabla hatujahesabu foleni ya mizani. Na kungoja foleni si kuendesha, lakini si kulala pia: kila dakika chache dereva husogeza gari.

Yako maneno katika kanuni ya Ulaya ya mwaka 2006 ambayo sisi twayaona bora kuliko hesabu zote za saa. Yakataza mwajiri kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo hayo yahatarisha usalama barabarani. Sisi twawalipa madereva wetu kwa safari. Msimu wa mavuno ufikapo, ni sisi wakulima tupigao simu usiku kuuliza lori liko wapi. Kisha twamlaumu dereva akisinzia. Halmashauri imekwisha kuandika pendekezo la mshahara wa mwezi na dereva wa pili kwa safari za pwani. Gharama yake itakatwa katika malipo ya kila kilo ya kahawa, nalo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu.