Vita mseto ni kitu gani hasa?

Wadau, mara ya kwanza kusikia "vita mseto" nilifikiria mseto ule wa mchele na choroko. Kumbe sikuwa mbali. Hapa vinavyopikwa chungu kimoja ni bunduki, uongo, pesa na kompyuta.

Aliyelipa jina hili umaarufu mwaka 2007 ni Frank Hoffman, afisa mstaafu wa Marine wa Marekani. Mfano wake mkubwa ulikuwa Lebanon 2006, vita vya siku 34. Hezbollah si nchi, na wapiganaji wake walipigana kwa kuvizia. Lakini Julai 14 waliipiga manowari ya Israeli kwa kombora la kisasa, silaha ambayo watu walizoea kuiona kwa majeshi ya serikali tu.

Baadaye maana ikapanuka. Mwishoni mwa Februari 2014, watu wenye silaha, sare zao hazina alama yoyote, waliteka bunge la Crimea huko Ukraine. Machi 4 Putin akasema hao ni wenyeji wanaojilinda. Machi 18 Urusi ikalitwaa jimbo. Aprili, Putin huyohuyo akakubali kwamba askari wake walikuwepo! Mnaona mchezo? Ukweli ulipotoka, kazi ilishakwisha.

Halafu Desemba 23, 2015 wadukuzi wakazima umeme magharibi mwa Ukraine. Wateja zaidi ya 200,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa, na hakuna risasi iliyolia.

Wapo wataalamu wanaosema hakuna jipya hapo, hila vitani ni za tangu enzi. Nakubali nusu. Hata mabomu hayajastaafu: Februari 24, 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa vifaru na makombora mchana kweupe.

Nusu ninayokataa ni hii. Zamani raia aliyekuwa mbali na vita alikuwa mbali kweli. Mwaka 2007, serikali ya Estonia ilipohamisha sanamu ya askari wa Kisovieti jijini Tallinn, tovuti za serikali, benki na magazeti zilishambuliwa mpaka zikazidiwa. Baadhi ya kompyuta zilizotumika zilikuwa za watu wa kawaida katika nchi nyingi, zimetekwa kwa virusi, wenyewe hawana habari.

Kwa hiyo mdau, mashine uliyokalia hapo kafe inaweza kuwa askari wa mtu usiyemjua. Na ile habari ya uongo unayotaka kuwatumia washkaji, ukiituma, askari ni wewe.