Kisu na Mionzi katika Tiba ya Titi
Tangu William Halsted wa Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19, alipoeneza tiba ya kulikata titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, hata saratani changa, ambayo ingali imo ndani ya vijia vya maziwa, aghalabu ilitibiwa kwa kuliondoa titi lote, dhiki ambayo, kwa rai yangu, ilizidi kadiri ya maradhi yenyewe. Kuanzia mwaka 1985, Bernard Fisher wa Pittsburgh na wenziwe waliwagawa kwa kura wanawake 818 wenye saratani hiyo changa, waliotolewa uvimbe tu, takriban nusu yao wakaongezewa mionzi; ikabainika kuwa mionzi ilipunguza sana kurejea kwa maradhi katika titi lile lile, ilhali idadi ya waliosalimika na mauti, hata baada ya miaka mingi, haikutofautiana.