Daftari la Sherifu

Mwaka juzi, yapata saa nne usiku, mama mmoja jirani yetu hapa Kisauni alibisha mlango wangu. Kijana wake anaishi Houston, Texas, na kwa siku nne alikuwa hashiki simu. Ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unabaki na tiki moja tu. Vijana anaokaa nao hawakujua lolote.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe si ndiye mwandishi wa habari? Basi nitafutie mwanangu."

Kazi ya kutafuta watu naijua kidogo. Kwetu mtu akipotea unaanza na hospitali, unakwenda vituo vya polisi, halafu, Mungu apishe mbali, mochari. Kituoni unauliza kama jina lake limeandikwa kwenye OB, lile daftari la matukio linalokaa kaunta. Ukiwa na bahati, afisa atalifungua na kukuangalizia. Ukikosa, utaambiwa urudi kesho.

Usiku ule hapakuwa na kaunta ya kwenda kusimama. Palikuwa na kompyuta yangu, bando la data lililobaki kidogo, na mama wa watu ameketi ukingoni mwa kochi na tasbihi mkononi. Nilimpata baada ya saa mbili hivi. Picha ya uso, nambari ya kuandikishwa, tarehe na saa aliyoingizwa, kosa aliloshtakiwa, kiasi cha dhamana. Kosa lenyewe: kuendesha gari wakati leseni imefungiwa.

Mama alichukua ile kompyuta akaisogeza karibu na uso. "Alhamdulillahi. Yu hai." Sijawahi kumwona mtu akifurahia picha ya mshukiwa namna ile.

Kaunti sitaitaja, na jina la kijana halimhusu mtu. Lakini tangu usiku ule swali moja limenikaa kichwani. Imekuwaje mimi, mtu baki niliye Mombasa, nisiye wakili wala ndugu yake, nikaweza kufungua daftari la jela ya Texas usiku wa manane bila kumwomba mtu ruhusa?

Nianze na jinsi daftari lenyewe linavyokaa, maana usipojua utapotea kama nilivyopotea mimi. Sisi tuna kaunti 47 na tunaona ni nyingi. Texas ina 254. Kila moja ina sherifu wake anayechaguliwa kwa kura, na ndiye mwenye jela ya kaunti. Jela hiyo si gereza la jimbo. Huko jela ya kaunti wanakaa hasa wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi. Aliyehukumiwa miaka mingi hupelekwa gereza la jimbo. Polisi wa mji akikukamata, mara nyingi utaishia mikononi mwa sherifu. Hata Lee Harvey Oswald, aliyeshukiwa kumuua Rais Kennedy, tarehe 24 Novemba 1963 alikuwa ndiyo anatolewa makao ya polisi wa mji wa Dallas kupelekwa jela ya kaunti pale Jack Ruby alipompiga risasi.

Basi hakuna daftari moja la Texas nzima. Houston peke yake imelala zaidi katika Kaunti ya Harris, lakini imemwagika mpaka Fort Bend na Montgomery, na kijana anayefanya kazi ya kupeleka mizigo anaweza kuvuka kaunti tatu kabla ya chakula cha mchana. Nilijaribu moja baada ya nyingine. Na majina ndiyo mtihani. Huyu ana majina matatu kama sisi sote: lake, la baba, la babu. Nilipoandika la babu kama jina la ukoo, sikupata kitu. Nikapindua, patupu. Kumbe kule waliunganisha mawili ya kwanza yakawa moja. Wakongo wa Houston wanaozungumza Kiswahili, walioingia kama wakimbizi, wana mtihani zaidi, kwani baadhi yao karatasi zinasema walizaliwa tarehe 1 Januari, hata kama mama zao wanakumbuka ilikuwa msimu wa mvua.

Tena orodha ya sherifu inaonyesha aliyemo ndani sasa au aliyetoka karibuni. Ukitaka kujua kesi iliishaje, unakwenda kwa karani wa mahakama: makosa makubwa kwa karani wa wilaya ya mahakama, na katika kaunti nyingi makosa madogo kwa karani wa kaunti. Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo nayo ina hazina yake ya jinai ambayo raia anaweza kuipekua kwa ada ndogo, lakini humo hutakuta kila aliyekamatwa. Umma unaonyeshwa waliotiwa hatiani na wale waliopewa kipindi cha uangalizi hukumu ikiwa imeahirishwa. Kumbuka tofauti hiyo. Tutairudia.

Mlango huu ulifunguliwa na kashfa. Mwanzoni mwa 1971 maafisa wa serikali kuu wanaosimamia soko la hisa waliwashtaki wafanyabiashara wa Texas, akiwemo Frank Sharp, mwenye benki na mjenzi wa mtaa mkubwa wa Sharpstown, kusini-magharibi mwa Houston. Ikafichuka kwamba wanasiasa wakubwa walikopeshwa fedha na benki yake wakanunua hisa, wakauza kwa faida nono, huku miswada ya kumfaa Sharp ikipita bungeni. Spika Gus Mutscher alitiwa hatiani 1972. Gavana Preston Smith hakushtakiwa, ila wapiga kura walimtupa nje mwaka huohuo. Wabunge wengi wakaenda na maji.

Bunge lililofuata, la 1973, liliingia likiwa na hofu ya wananchi. Likapitisha sheria ya kumbukumbu za wazi, ambayo leo inaitwa Sheria ya Taarifa za Umma. Msingi wake ni mkali: watumishi wa umma hawakupewa mamlaka ya kuamua wananchi wajue nini na wasijue nini. Ofisi ikitaka kuficha jambo, kwa kawaida ina siku 10 za kazi kumwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo uamuzi, na ni juu yake kuonyesha sababu. Nilitabasamu kidogo niliposoma haya, kwa kuwa kijana wetu amepanga Sharpstown. Siku hizi ni mtaa uliojaa wahamiaji.

Lakini je, polisi nao wamo? Houston walikataa, na gazeti la Houston Chronicle likaupeleka mji mahakamani. Mwaka 1975 mahakama ya rufani ya Houston ikatoa uamuzi ambao mawakili wa Texas wanautaja mpaka leo, na 1976 Mahakama Kuu ya jimbo ikauacha usimame. Mahakama iligawa makaratasi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni daftari la kituo, karatasi ya ukamataji na ukurasa wa mbele wa ripoti ya kosa: hizo ni za wananchi. Fungu la pili ni faili la historia ya mtu, lenye kila mara aliyowahi kukamatwa: hilo lifungwe.

Hapo nilisimama, nikasoma tena. Daftari la kituo linaeleza polisi walifanya nini leo. Walimchukua nani, saa ngapi, kwa sababu gani. Ni risiti. Serikali imechukua mwili wa mtu, na lazima itoe risiti. Faili la historia linaeleza mtu ni nani, na humo mna hata ukamataji ambao haukufika popote. La kwanza ni la kumchunga askari. La pili ni la kumchunga raia.

Risiti ina kazi yake. Mwaka 2015, Sandra Bland, mwanamke Mweusi wa miaka 28 aliyekuwa amekwenda Texas kwa ajili ya kazi, alisimamishwa barabarani kwa kubadili njia bila kuwasha indiketa. Aliingizwa jela ya Kaunti ya Waller, jirani na Harris, tarehe 10 Julai. Dhamana ilikuwa dola 5,000, na kwa desturi ya huko asilimia 10 ingetosha kumtoa. Tarehe 13 alikutwa amefariki ndani ya seli. Ilitolewa kauli kwamba alijiua, na familia yake ilikuwa na maswali mengi. Kilichofuata kilitegemea karatasi. Fomu alizojaziwa wakati wa kuandikishwa zilipotoka, watu waliona majibu kuhusu hali ya akili yake yanapingana, na hakuna aliyechukua hatua ya maana. Mwaka 2017 Texas ikapitisha sheria yenye jina lake, kuhusu afya ya akili ya mahabusu na uchunguzi huru wa vifo vya jela. Bila zile karatasi, ingebaki neno la askari dhidi ya kilio cha mama.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema daftari lifungwe. Sisi tunaokaa mahali ambapo mtu anaweza kuchukuliwa na gari lisilo na namba, na kila kituo kikasema hakimjui, tunaijua thamani ya risiti.

Ila hadithi ya kijana haikuishia hapo. Alipotoka, baada ya wenzake kuchanga, kesi iliendelea miezi kadhaa kisha ikafutwa. Mahakamani imekwisha. Lakini picha yake ilikuwa imeshanyakuliwa na tovuti moja ya kibinafsi, zile zinazokusanya nyuso za waliokamatwa ili kuvuna wasomaji. Mtu akaiona, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani. Kufikia jioni Kisauni nzima ilikuwa na habari kwamba mtoto wa fulani ni mhalifu Marekani. Hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa nini. Mama hakutoka nje siku mbili.

Texas yenyewe imeliona tatizo hili. Tangu 2013 ina sheria inayokataza tovuti za namna hiyo kukutoza fedha ili ziondoe au zisahihishe habari zako zisizo kamili au zisizo sahihi. Na mtu ambaye kesi yake imefutwa anaweza, akitimiza masharti, kuomba mahakama iamuru kumbukumbu zifutwe kabisa. Kijana ameanza safari hiyo. Inataka fomu, ada, na subira.

Tazama kilichotokea kwa mstari ule wa 1975. Mahakama ilifungua daftari la siku na kufunga faili la maisha. Wakati wa karatasi, mstari huo ulijilinda wenyewe: nani angezunguka kaunti 254 akinakili majina? Sasa programu inafanya hivyo kila asubuhi. Ukikusanya madaftari ya siku zote, unapata faili la maisha lililokatazwa, isipokuwa hili halina ukurasa wa mwisho unaosema kesi ilifutwa. Sheria iliyotungwa kumulika wenye nguvu imegeuzwa tochi, inamulikwa machoni mwa aliyekamatwa.

Na mimi siko nje ya lawama. Nimeandika habari za mahakama kwa miaka minane. Waliofikishwa kizimbani nimewaandika kwa majina. Walioachiliwa, ukiniuliza ni wangapi niliwarudia, nitaanza kukohoa. Tangu mwaka juzi nimeanza daftari langu dogo: kila jina ninaloandika kwa kukamatwa, naliwekea tarehe ya kulirudia. Mhariri ananiambia habari hizo hazina wasomaji. Huenda. Nazipeleka hata hivyo.

Wiki iliyopita mama alinipitia na maandazi. Nikamweleza kwamba mambo yakienda vizuri, ile picha itaondolewa kwenye kumbukumbu zote za serikali kule. Akafurahi. Nikamwambia naye basi aifute kwenye simu yake, maana nilimtumia usiku ule.

"Hii?" Akaitoa, akaiangalia. Kijana amevaa fulana ya kijivu, macho mekundu, hajanyoa. "Hii siifuti. Hii ndiyo iliyonipa usingizi."