Fidla aliyoiacha kitandani

Saa nane usiku hii. Wenzangu chumbani wanakoroma, kesho asubuhi nina kipindi cha mbinu za kufundishia na sijagusa kitu. Nimekesha namsikiliza Viktoria Mullova. Wacheni niwasimulie kidogo.

Mama huyu kazaliwa 1959 Zhukovsky, karibu na Moscow, enzi za Urusi ya Kisovieti. Akasoma Konsavatori ya Moscow kwa Leonid Kogan, mwalimu asiyecheka na mtu. 1980 akashinda mashindano ya Sibelius kule Helsinki, 1982 akachukua dhahabu ya Tchaikovsky, akigawana na Sergei Stadler. Ungedhani maisha ndiyo yamenyooka, lakini wapi! Kusafiri nje mpaka dola iruhusu, na ukiruhusiwa unawekewa mtu wa kukuchunga.

Basi 1983 akaenda kupiga Finland. Mpiga piano wake safari hiyo alikuwa Vakhtang Jordania, ambaye kwa kweli ni kondakta (wa okestra jamani, siyo wa daladala) na ndiye alikuwa mpenzi wake. Wakiwa mji wa Kuusamo wakatoroka kwa gari mpaka Sweden. Fidla yake, Stradivarius mali ya serikali, akaiacha kitandani hotelini. Hapo mimi nilisimamisha muziki kwanza. Yaani chombo ulichokipigia dhahabu, unakilaza kitandani unaondoka! Kufika Stockholm, ubalozi wa Marekani umefungwa, sikukuu yao ya tarehe 4 Julai. Wakajificha hotelini mpaka ulipofunguliwa, kisha wakapelekwa Marekani.

Ila kilichonikesha siyo kutoroka. Miaka ya tisini, jina lake tayari kubwa, ameshapiga Sibelius na Tchaikovsky na okestra za maana, akagundua kuwa Bach aliyefundishwa Moscow hampendi: sauti nene, mtetemo kila noti, kila kitu kimenyooshwa kama shati la sare. Akaanza upya. Akafunga nyuzi za utumbo wa mnyama kwenye Guadagnini yake ya 1750, akashika upinde wa Kibaroko, ambao ni mwepesi na unaiachia noti ipumue. Akapiga na Il Giardino Armonico wa Italia na watu wa Orchestra of the Age of Enlightenment. Sisi hapa ukipata A moja tu hutaki tena kusahihishwa, yeye ana dhahabu na anarudi darasa la kwanza!

Na hakuacha ya kisasa. 2000 alitoa albamu yenye nyimbo za jazi na popu, na kazi za Brahms akaendelea nazo.

Sonata na partita za Bach za fidla peke yake, zile sita za 1720, alizitoa zote 2009. Niko kwenye Chaconne ya partita ya pili, mara ya tatu sasa. Jamaa wa kitanda cha chini kaamka, kauliza nani analia. Nimemwambia ni Mrusi mmoja, wewe lala.