Kazi Ina Haki, na Mwili Una Haki

Wasomaji wetu wa pwani waijua vyema kalenda ya dagaa. Katika usiku wa giza karabai huwashwa, dagaa huufuata mwanga, na mvuvi hupata riziki yake. Mwezi ukipevuka, mwanga huenea juu ya maji yote, taa haivuti tena, na mvuvi hulala kwake. Mambo ni hayo hayo katika Ziwa Victoria, Mwanza na Ukerewe, ingawa maji ya huko ni baridi.

Siku hizo za mbalamwezi zilikuwa na kazi zake. Nyavu zilishonwa, mitumbwi ikazibwa, na watu wakavuka kwenda kuwaona wake na watoto. Hapana aliyeomba ruhusa kwa tajiri, maana tajiri naye hakuwa na faida ya kumpeleka mtu ziwani. Mpaka wa kazi uliwekwa mbinguni.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa ziwani, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, samaki wakasafirishwa mpaka Ulaya. Hapana shaka wengi walipata ajira na fedha. Lakini kiwanda kina umeme na barafu, nacho hakitazami mwezi. Watu huingia kwa zamu. Basi mpaka wa kazi ukashuka kutoka mbinguni ukaangukia mikononi mwa wanadamu.

Na wanadamu wakiachiwa mpaka huo, huwaje? Tuwatazame Wajapani. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1945 waliinua nchi yao kwa bidii iliyostaajabiwa na dunia nzima. Lakini bidii ile ilizaa neno la huzuni, karoshi, yaani kifo cha kazi nyingi. Wajane walikwenda kudai haki za waume waliofia kazini. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kuzuia vifo hivyo, na mwaka 2018 nyingine iliyoweka kikomo cha kawaida cha saa 45 za ziada kwa mwezi. Walilazimika kuandika kwa wino kile ambacho mwezi uliwapa wavuvi wetu bure.

Tanzania nayo ina sheria ya ajira ya mwaka 2004: saa 45 za kawaida kwa juma, na saa 24 za mapumziko. Ni jambo jema. Lakini ni nani amhesabiaye saa mvuvi alipwaye kwa mgawo, au mama aanikaye dagaa mchangani tangu alfajiri, kisha akapike?

Hapo ndipo nyumba inapotakiwa kusimama. Salman alimkumbusha Abu Dardaa, aliyejichosha kwa ibada, kwamba mwili una haki na ahali wana haki, na Mtume (S.A.W.) akalikubali neno lake. Ikiwa hata ibada ina kiasi, biashara itakosaje?

Basi tusimsifu kijana kwa sababu haonekani nyumbani. Tumuulize amepumzika lini. Na yule mwenye mashua au duka asingoje mwezi wala serikali: awape watu wake siku yao, naye mwenyewe aende akale na wanawe.