Nyimbo Zilizosahauliwa za Siti binti Saad: Mahakama, Wanyonge na Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Wengi hulikuta kwanza katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki. Wengine walilikuta katika jarida la Sauti ya Siti, lililoanzishwa na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, umaarufu wa jina haukwenda sambamba na ujuzi wa nyimbo. Siti anatajwa kama mwanamke wa kwanza wa hiki na kile, anasifiwa kwa sauti na tabia, kisha ukurasa unafungwa. Kile alichokiimba hasa, na sababu ya watu wa wakati wake kukitaka, hakijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vya fasihi.

Mhadhara huu unahusu fungu moja la nyimbo hizo: zile zilizosimulia kesi, hukumu na dhuluma za mjini Zanzibar katika miaka ya 1920. Hoja yake ni kwamba nyimbo hizo ni sehemu ya msingi ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20, na kwamba kusahauliwa kwake kunaeleza mengi kuhusu namna taaluma yenyewe ilivyochagua cha kuhifadhi na cha kuacha.

2.0 Usuli

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa na sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo ujana wake ulipita katika kipindi ambacho watu wengi walikuwa huru kwa karatasi, huku majina, mavazi na makao yao yakiendelea kuwatangaza kuwa ni watu wa chini. Kabla ya kujulikana kwa uimbaji alikuwa akiuza vyungu, akivitembeza na kuvinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko ndiko alikopata walimu wa muziki na wenzake wa kikundi: Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban.

Taarabu waliyoikuta ilikuwa na historia yake. Mapokeo ya Zanzibar yanaihusisha na utawala wa Sultani Barghash (1870–1888), ambaye alivutiwa na muziki wa Misri na kuuleta katika kasri lake. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliendeleza muziki huo nje ya kasri. Lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu, na wasikilizaji wengi waliifurahia sauti pasipo kuyaelewa maneno. Siti na wenzake hawakukiacha Kiarabu; waliendelea kukiimba palipohitajika, kwenye majumba ya matajiri na mbele ya Sultani. Lakini walikiweka Kiswahili katikati ya taarabu, na kwa kufanya hivyo walibadilisha si lugha tu bali pia mambo yanayoweza kuimbwa.

Mwaka 1928 kikundi hicho kilisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone, iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Mauzo yaliifanya kampuni hiyo irudie kazi hiyo, na kampuni nyingine zikaingia katika ushindani. Santuri zilivuka bahari, zikasikilizwa katika mikahawa na nyumba za bara na pwani. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuusikia wimbo, kuurudia na kuujadili.

3.0 Wimbo kama shauri la pili

Nyimbo nyingi za Siti zilihusu mapenzi, na hizo ndizo zilizorithiwa kwa urahisi. Fungu linalojadiliwa hapa ni tofauti. Kikundi kilikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, mtaa wa upande wa pili wa hori, ambako waliishi wengi wa waliokuwa watumwa na wazao wao. Habari za mjini zilifika hapo kila jioni: nani kashitakiwa, nani kafungwa, nani kaachiwa. Wenzi hao walizijadili na kuzitungia mashairi kwa pamoja. Mwaka 1928, mwaka uleule wa safari ya Bombay, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wimbo na mgomo havikuwa kitu kimoja, lakini vilitoka katika mtaa mmoja na manung'uniko yanayofanana.

Wimbo unaojulikana zaidi katika fungu hili ni "Kijiti". Unasimulia kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Zanzibar kutembea, akachukuliwa na mwanamume huyo mwenye kutajwa, akarudishwa akiwa maiti. Mwuaji alikimbilia bara. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani.

Ufundi wa wimbo huu uko katika mambo mawili. Kwanza, marehemu anatambulishwa kwa ugeni wake. Katika jamii ya Waswahili mgeni ni amana ya mwenyeji. Anayemdhuru mgeni amevunja sheria na amevunja utu vilevile. Neno moja linatosha kumhukumu mkosaji kabla hakimu hajaketi. Pili, tendo ovu lenyewe halitajwi waziwazi, bali linafichwa nyuma ya jina la mchezo wa watoto. Tafsida hiyo inalinda heshima ya marehemu na ya wasikilizaji, na wakati huohuo inaongeza uchungu, kwa kuwa msikilizaji analazimika kulijaza mwenyewe pengo lililoachwa. Kisha wimbo unamgeukia hakimu na kuuweka uamuzi wake mbele ya hadhira. Hivyo kesi iliyofungwa mahakamani inafunguliwa upya barazani, mbele ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kusema katika shauri la kwanza.

Wimbo wa namna hii haukuwa peke yake. Zipo nyimbo zilizohusu watu wenye vyeo waliopatikana na makosa ya fedha, ambazo zilionyesha furaha ya wanyonge kuona kwamba, angalau mara moja, mkubwa naye ameonja kifungo. Upo pia wimbo maarufu wa majibizano: washindani walimbeza Siti kwa asili yake ya shamba na umaskini wa mavazi yake, naye akajibu kwamba thamani ya mtu haiko katika sura wala nasaba, bali katika akili. Hili nalo ni shauri. Mshitakiwa ni mwimbaji mwenyewe, na shitaka ni kuzaliwa kwake.

4.0 Sababu za kusahauliwa

Kwa nini basi nyimbo hizi zilipuuzwa? Sababu ya kwanza ni ya vitu. Santuri za wakati huo zilikuwa nzito na tepe kuvunjika; kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu. Kila ilipopigwa, sindano iliikwangua. Nakala zilizosalia zimetawanyika katika hifadhi na mikusanyo ya watu. Aidha, wimbo ambao barazani uliweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, ulibanwa uingie katika santuri.

Sababu ya pili ni ya kitaaluma. Wataalamu wa awali wa ushairi wa Kiswahili walitafuta miswada: tenzi ndefu za hati za Kiarabu zenye mtunzi anayejulikana. Nyimbo za Ng'ambo hazikuwa na mswada wala mtunzi mmoja. Zilitungwa na watu kadhaa, na aliyeziimba hakuwa amesoma shule. Zilikuwa na vina, mizani na kibwagizo, lakini zilihesabiwa kuwa burudani. Kwa kipimo hicho, shairi lililosikilizwa na maelfu lilikosa nafasi katika historia ya fasihi, huku shairi lililosomwa na wachache likipewa sura nzima.

Sababu ya tatu ni heshima yenyewe aliyopewa Siti. Shaaban Robert alimwandika kama kielelezo cha juhudi na adili, na wasifu wake ni hazina ambayo bila hiyo mengi yangepotea. Lakini wasomaji waliofuata waliishika zaidi sifa ya mhusika kuliko kazi yake. Mwanamke aliyeiga mwenendo mwema ni rahisi kumfundisha darasani. Mwanamke aliyemhoji hakimu anahitaji maelezo marefu zaidi.

Sababu ya nne ni mafumbo. Wimbo wa tukio hueleweka na waliolijua tukio. Wazee hao wanapoondoka, maneno hubaki, lakini mshale hauonekani tena umeelekezwa kwa nani. Hapa ndipo umuhimu wa kazi ya mwanahistoria Laura Fair unapodhihirika. Katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001), alizisoma nyimbo hizi pamoja na kumbukumbu za wazee wa Zanzibar waliozisikia zikiimbwa, na akaonyesha kwamba maana yake haikai katika maneno pekee, bali katika mazungumzo yaliyozuka baada ya santuri kusimama.

5.0 Hitimisho

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. "Kijiti" uliendelea kuishi, hasa katika sauti ya Fatma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyeuimba hadi uzeeni na kufariki mwaka 2013. Wengi waliocheza kwa wimbo huo katika majukwaa ya dunia hawakujua kwamba walikuwa wanausikiliza ushahidi. Huko ndiko kusahauliwa kwa ndani zaidi: wimbo unabaki, shauri lake linapotea.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili ina sura tatu. Nyimbo zilizosalia hazina budi kusikilizwa na kunukuliwa kwa uangalifu, pamoja na viitikio vyake. Maelezo ya wazee waliorithi visa hivyo kwa wazazi wao yakusanywe kabla hayajatoweka. Na nyimbo hizo zifundishwe pamoja na tenzi, kwa vigezo vilevile vya sanaa. Mwanamke aliyeuawa maguguni hakupata haki mahakamani. Waliomtolea ushahidi walifungwa. Kumbukumbu ya umma ya kisa chao imebaki katika wimbo, na wimbo usioeleweka hauwezi kumtetea mtu.